Zamu ya Kuwa Mtoto

Mtu akikuambia kusoma ukubwani ni raha, muulize alikuwa anasoma nini. Mimi nina miaka arobaini na mitatu, nimezaa watano, na kila Jumamosi kwa miezi tisa nilikaa mkekani katika chuo kimoja Biharwe, miguu nimeikunja, nikijifanya mtoto wa miaka minne.

Ndivyo mtihani wetu ulivyo. Kila mwanafunzi wa elimu ya chekechea hufundisha dakika ishirini mbele ya mkufunzi, na wengine huwa watoto wake. Sheria inataka watoto wasiopungua watano. Tulianza kozi tukiwa kumi na mmoja, tukabaki wanne, kwa hiyo siku za mazoezi na za mtihani chuo huazima watu wa kozi ya biashara waje kujaza mkeka. Hapo ndipo tulipompata Pontien, Mrundi mwenye ndevu za mvi anayeuza dagaa sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye hata akiwa na miaka minne hakuiacha kazi yake.

“Mwalimu,” aliuliza siku moja alipopewa vizibo vya soda avihesabu, “hivi kwa jumla mnatoa kwa ngapi?”

“Wewe Pontien!” mkufunzi akafoka. “Wewe iko na miaka mine! Wacha biashara!”

Mkufunzi huyo ni Rwakabuba, mwenyeji wa Mbarara, mrefu, aliyekuwa mwanajeshi kabla ya kushika chaki, na Kiswahili chake bado kimevaa buti.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa nimefundisha watoto wa wakimbizi wenzangu kambini, karibu na Kabazana, kwa miaka saba, sitini na wawili mwaka huu, chini ya mabati tuliyoyaezeka sisi wazazi wenyewe. Kisha ikaja barua: kuanzia muhula ujao, asiye na cheti hashiki darasa. Msichana wa kutoka mjini alikuwa ameshakuja kuliangalia darasa langu. Alisimama mlangoni, akahesabu madawati kwa kidole, akauliza choo kiko wapi. Nikianguka Jumamosi ile, siku ya kufungua shule angekaa yeye kwenye kiti changu, kwa sababu mtihani mwingine ulikuwa baada ya hapo.

Nilifika chuoni nimechoka, wala sitatafuta neno zuri zaidi. Ijumaa nzima nilikuwa kwenye foleni ya mgao wa chakula. Nikarudi na mahindi, nikayachambua, nikafua, nikawapikia watoto chakula cha siku mbili. Alfajiri tuliondoka mimi na Adélaïde, jirani yangu, Mrundi kama Pontien. Tulikuwa tumesoma kitabu kimoja miezi yote tisa kwa kuwa hatukuwa na viwili. Adélaïde ana moyo mzuri na sauti ya kusoma matangazo ya kanisani. Katika jaribio lake la kwanza alikuwa ameanguka. Kwa hiyo njia nzima nilimrudia yaleyale: kaa chini, usisimame, shusha sauti, watazame watoto, siyo karatasi.

Zamu yake ilikuwa ya tatu, yangu ya nne na ya mwisho. Saa sita akaanza. Alikaa chini, akashusha sauti, akasimulia hadithi ya kuku aliyepoteza kifaranga, polepole, kama nilivyomwambia. Nilijisikia fahari. Jua liliingia dirishani likanipata mgongoni. Nikasema nifumbe macho kidogo tu, kama mtoto anayesikiliza hadithi.

Nilipoyafumbua, jua lilikuwa limehamia dirisha la pili. Nilikuwa nimefunikwa kitenge cha Adélaïde hadi shingoni, na viatu sikuwa navyo. Wengine wote walikuwa wameondoka. Adélaïde alikuwa ameketi miguuni pangu, na Pontien amesimama mlangoni akitafuna karanga.

“Iko saa ngapi?” nikauliza.

“Saa tisa na robo,” Adélaïde akanong’ona, kana kwamba bado nimelala.

“Na zamu yangu?”

Akaangalia chini. “Mwalimu alikuita, Mama Ushindi. Mara mbili. Halafu akasema leo ameona mwalimu anayejua kumwacha mtoto alale. Akaandika. Akanipa themanini na moja.”

“Juu ya nini hamukuniamusha?”

“Mwanzo nilikuacha sababu ulichoka.” Akavuta pembe ya kitenge, akaikunja, akaikunjua. “Kisha nikakuacha sababu alikuwa anaandika. Niliogopa nikikuamsha atafuta, mpaka saa hii.”

Nilimkasirikia, nikakisukuma kitenge kando. Na katikati ya hasira ile mwili wangu, msaliti mkubwa, ulikuwa unamshukuru. Sikuwa nimelala mchana, nimefunikwa na mtu, tangu nilipokuwa msichana nyumbani kwa mama yangu, Fizi, kabla ya ukimbizi. Hilo sikumwambia.

“Batoto yangu sitini na mbili,” nilimwambia, “unajua nani atabafundisha?”

Nikakimbia pekupeku hadi ofisini. Rwakabuba alikuwa anakula matoke yake ya mchana yaliyokwisha kupoa, karatasi za alama kando ya sahani, bahasha imefunguliwa tayari.

“Nyabo, wewe nalala sana,” alisema bila kuinua kichwa; nyabo kwao ni mama. “Mimi nafunga hii saa kumi. Watoto wako wapi? Mimi nataka tano.”

Wenzetu wawili walikuwa wameshapanda gari. Watu wa biashara walikuwa ndani ya mtihani wao wenyewe, ambao Pontien aliumaliza wa kwanza. Nilisimama pale nikaliona darasa langu linaondoka.

“Bado dakika arobaini,” Pontien akasema nyuma yangu. “Nipeni kumi.”

Alirudi na mpishi wa chuo, unga wa posho, ugali wa huku, umemjaa hadi kwenye viwiko. Na askari wa getini, aliyeacha rungu lake mlangoni. Na mwanamke aliyekuja kuchukua fomu tu, mtoto mgongoni. Aliwaahidi nini sijui mpaka leo, lakini Pontien hakuhitaji kozi ya biashara. Yeye na Adélaïde wakatimiza watano. Yule wa mgongoni Rwakabuba alikataa kumhesabu, ingawa ndiye pekee aliyekaribia umri.

Basi nikafundisha. Nyimbo nilizopanga zilikuwa zimenitoka kichwani, nikabaki na vizibo vya soda. Mpishi aliimba namba kwa sauti kuliko wote. Askari alifika kumi, akafurahi, akaomba kurudia. Yule mdogo alishushwa chini, akaweka kizibo mdomoni, nami nikakitoa bila kuacha kuhesabu. Rwakabuba akaandika kitu.

Hapo ndipo Adélaïde alipolaza kichwa juu ya mkono wake na kufumba macho.

Nilielewa mara moja. Alikuwa ananirudishia kile kilichompa themanini na moja. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kitenge, kumfunika, kushusha sauti. Kitenge kilikuwa palepale.

Lakini miaka saba nimewatazama watoto wakilala. Aliyelala kweli mdomo hulegea, kiganja hufunguka. Kope za Adélaïde zilikuwa zinacheza, na kizibo amekibana ngumini. Mtoto anayejifanya amelala ana jambo lake, na kumfunika hakumsaidii. Tena sitadanganya: nilikuwa bado na hasira, na nilitaka ainuke.

“Adélaïde,” nikamwita. “Amuka, mama. Kuja uhesabu.”

Alifumbua macho, akanitazama kana kwamba nimempiga. Kisha akaja. Akahesabu vizibo kumi mbele ya askari na mpishi, machozi yakimtoka, sauti ameishusha barabara kama nilivyomfundisha. Nilimshika mkono mpaka akafika kumi.

Rwakabuba akaweka kalamu chini. “Kwa nini wewe naamusha yeye?”

“Hakulala, mwalimu.”

“Na wewe, ile saa ya mchana?”

“Mimi nililala.”

“Najua. Mutoto ya kuigiza hapana koroma.” Mpishi akacheka mpaka unga ukapeperuka. Rwakabuba alijisugua macho kwa viganja vyote viwili. “Ile saa mimi nataka kuamusha wewe. Lakini nachoka, nyabo. Tangu jeshini mimi kazi yangu ni kuamusha watu.”

Akajumlisha, akajumlisha tena. “Sitini na ine. Wewe napita. Kwenda nyumbani.”

Alama kumi na saba chini ya mtu niliyemfundisha mwenyewe. Sikuwa na nguvu ya kufurahi wala ya kulalamika. Darasa lilikuwa langu, na muhula ukifunguliwa nitatakiwa kuamka mapema kuliko wote.

Watu wakatawanyika, Pontien akakunja mkeka. Mimi niliketi kwenye kibenchi cha mlangoni, miguu imejaa vumbi. Adélaïde akaja na viatu vyangu, ambavyo kumbe vilikuwa ndani ya mfuko wake tangu mchana. Akapiga magoti. Akanipangusa vumbi kwa kitenge, akaushika mguu wa kulia, akanivisha kiatu, kama tunavyowavisha watoto saa ya kurudi kwao.

Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu bado. Nilimnyooshea na wa kushoto.