Komeo la Wanaokumbuka

Dereva wa lori ndiye aliyemrudisha Mwalimu nyumbani, kamshika mkono kama bwana harusi, huku lori lenyewe likinguruma katikati ya barabara na magari yaliyokwama nyuma yake yakipiga honi za matusi.

"Mama," alimwambia Shangazi mlangoni, "huyu mzee wako leo nusura nimpitie. Kajitokeza tu mbele yangu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili."

Mwalimu alikuwa na kandambili mguu mmoja, mguu wa pili mtupu, na koti lake la kazini kalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alimshukuru dereva kwa adabu zake zote, akamwuliza kama watoto wake hawajambo.

Injinia alipotoka kazini alimkuta Shangazi kakaa kizingitini, mashavu mikononi.

"Nimechoka, mwanangu. Kaka yangu miguu ni ya kijana, akili sijui ni ya nani. Mimi magoti haya hayamkimbizi hata kuku. Nikigeuka kukoroga chungu, huyo, katoka. Kila alasiri ya Mungu!"

"Basi tutie kufuli, shangazi."

"Na moto je? Umeshasahau alivyoanika taulo juu ya jiko? Ufunguo nitautafuta wapi kwa macho haya, niuzungushe kwa vidole hivi?" Akanyoosha vidole vilivyopindwa na baridi yabisi. "Tutabanikwa humo ndani mimi na yeye, ufunguo ukiwa mfukoni mwako kazini."

Injinia alikuwa binti wa Mwalimu, mtoto wake pekee. Mama yake alishafariki, na Shangazi alihamia kwao ili kumwangalia kaka yake, jambo ambalo hakulazimishwa na mtu. Jina hilo la Injinia ni yeye Shangazi aliyelianzisha, nusu fahari na nusu utani, tangu mtoto wa kaka yake alipoajiriwa kiwandani.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza vifuniko vya chupa za dawa. Usicheke. Kama unaona ni kazi ya kitoto, ijaribu. Kifuniko lazima kimshinde mtoto, la sivyo atakunywa dawa za bibi yake akidhani ni peremende. Kifuniko hichohicho lazima bibi akifungue mwenyewe bila kuita jirani. Ukikaza, bibi anateseka. Ukilegeza, mtoto anakufa. Mtu wa kawaida hapo hukata katikati, akakaza kidogo na kulegeza kidogo, akaenda zake kula.

Mwalimu hakuwa na subira na watu wa namna hiyo. Miaka yote aliyofundisha usanifu wa mitambo chuoni aliwaambia wanafunzi wake kwamba nusu kwa nusu ni jibu la mvivu, maana linawaumiza wote wawili. Kitu kikitakiwa kiwe hivi na wakati huohuo kisiwe hivi, usipatanishe, tenganisha. Uliza: kiwe hivi lini, na kisiwe lini? Uliza wapi. Uliza kwa nani. Uliza kwa utaratibu, swali baada ya swali, bila kurukaruka kama panzi. Binti yake alikaa katika darasa hilo akiyasikia hayo kwa masikio yake, na alipofanya vizuri baba alimbania alama, watu wasije wakasema anampendelea mwanawe. Sifa alizomwagiwa na baba yake alizisikia kwa watu wengine tu. Jambo hilo lilimuuma, na lilikuwa bado linamuuma.

Siku chache baada ya kisa cha lori, Injinia alikuwa amesimama kwenye meza ya majaribio, kifuniko kipya mkononi. Kilikuwa kimewashinda watoto na kuwafurahisha wazee, na siri yake ilikuwa katika swali la kwa nani. Mtoto ana nguvu za kutosha, ila hawezi kufanya mambo mawili kwa pamoja. Bibi nguvu hana, ila mambo mawili anayaweza. Basi kifuniko kisidai nguvu hata chembe, kidai mambo mawili: kubana hapa huku unasukuma pale.

Akabaki anakitazama. Baba yake ana mikono ya chuma, ila mambo mawili hayakai tena kichwani mwake. Shangazi mikono hana, kichwa anacho. Lo! Ni kifuniko kilekile, kimegeuka mlango. Moyo ukamruka, na hatuna haja ya kumsingizia unyenyekevu: alijiona hodari, na alikuwa hodari.

Jumamosi akalifunga komeo lake mlangoni. Lilikuwa bati dogo lililofichwa chini, upande wa bawaba, mahali ambapo hakuna anayetafuta komeo. Uliligusa kwa kidole cha mguu, kwa wepesi tu, huku unavuta kitasa, na mlango ukafunguka. Usipoligusa, hata uwe pandikizi la mtu, hutoki. Hakukuwa na ufunguo wa kupotea. Moto ukitokea, Shangazi ananyoosha mguu na kuvuta. Lilimfungulia kila mtu anayekumbuka.

Mwalimu ndiye aliyemshikia parafujo. Alizipanga kiganjani kwa ukubwa, akampa mojamoja bila kuombwa, akipiga mluzi. Injinia aliona aibu, akaimeza, akaendelea kukaza.

"Nakuomba kitu kimoja, shangazi. Asikuone ukiweka mguu pale. Na akikuomba umfungulie, usimfungulie. Hata akikubembeleza."

"Kaka yangu hajui kubembeleza," alisema Shangazi, akakubali shingo upande.

Siku za mwanzo nyumba ilitulia. Shangazi alipika bila roho juu. Kazini Injinia aliwaeleza wenzake habari za komeo, wakampigia makofi, na mmoja akasema hilo ni la kuuza. Hakujiuliza, wala wao hawakumwuliza, Mwalimu anafanya nini alasiri mlango unapomkatalia. Mtu akiwa na jibu zuri hapendi sana kuulizwa maswali.

Kisha Shangazi akapiga simu.

"Njoo."

"Katoka?"

"Angetoka ningekwambia katoka. Njoo, Injinia. Mimi siwezi tena."

Alimkuta Shangazi jikoni, kajifungia, macho yamevimba. "Kila siku ni hivi," alisema. "Nilikuficha kwa sababu niliahidi. Mwanzo alikuwa anavuta tu kitasa. Sasa anaomba. Anauomba mlango, mwanangu, kama anayemwomba mtu."

Mwalimu alikuwa sebuleni, kapiga magoti mbele ya mlango, koti limefungwa mpaka shingoni. Kucha mbili zilikuwa zimekatika na damu imekauka kwenye mbao. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapapasa ukingo wa mlango inchi kwa inchi, kwa utaratibu, toka juu kwenda chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti." Alimtazama kama mgeni aliyekuja kwa heri. "Hebu njoo uone. Hapa pana kazi ya mtu."

Akachuchumaa karibu naye. Harufu ya jasho lake ilimfikia.

"Mlango haudai nguvu," Mwalimu alisema, "maana nguvu nimetumia zote. Basi unadai kitu kingine, na kitu hicho mimi sina. Unaona? Hakukata katikati. Ametenganisha. Huyu, kama angekuwa mwanafunzi wangu, ningempa alama zote."

Injinia alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu ana umri wa kusubiri. Yalimwingia kama mwiba.

"Ila sijui kamfungia nani," baba akaendelea. "Mwizi huwekewa kufuli upande wa nje. Hili liko ndani."

"Kamfungia baba yake."

Mwalimu akaifikiria habari hiyo kwa uzito wake.

"Basi baba yake lazima ni mtu mbaya sana."

"Hapana! Hapana, baba. Ni mtu mzuri. Ana... anatoka. Anakwenda barabarani, magari yatamuua."

"Anakwenda wapi?"

Lini, wapi, kwa nani: maswali yote matatu Injinia alikuwa ameuuliza mlango. Mzee mwenyewe hakuulizwa hata moja.

"Huyo fundi kaanzia mbali," alisema Mwalimu, sasa kwa ile sauti ya darasani. "Kauliza mlango ufanyeje. Angeuliza kwanza mzee anataka nini. Mzuri, ila hana adabu na swali. Punguza alama."

"Na wewe, baba?" Injinia akamgeukia. "Wewe unakwenda wapi?"

"Mimi? Shuleni." Akashangaa kuulizwa. "Watoto wameshatoka. Mwanangu yuko getini peke yake, na mimi huyu mlango hauniachi. Kila siku hauniachi. Atasema nimemtupa."

Injinia akanyoosha mguu, akavuta kitasa.

Walitoka mkono kwa mkono, naye kamvalisha viatu vyote viwili. Barabarani alimwekea mwili wake upande wa magari. Mwalimu alitembea haraka, hakukosea kona hata moja, na binti yake, aliyeipita njia ile na mkoba mgongoni miaka yote ya utoto, alijikuta anakimbiakimbia ili aende naye sawa.

Geti la shule lilikuwa limefungwa. Uwanjani palikuwa kimya, madirisha ya madarasa yamekomewa. Mwalimu alishika nondo kwa vidole vyake vyenye damu, akatazama ndani, akatazama huku na huku barabarani.

"Baba," alisema Injinia, machozi yameshamshinda, "ni mimi. Nimeshakua. Umeshanichukua zamani, ulinichukua kila siku. Twende nyumbani."

Mwalimu alimtazama kwa huruma ya kweli, kama unavyomtazama mtu anayeumwa.

"Wewe ni mtu mzima, binti. Wewe unaweza kuvuka barabara. Yeye bado mdogo."

Akakunjua leso yake juu ya ukingo wa saruji, akakaa. Baada ya siku hiyo ingekuja nyingine, na nyingine, na kila alasiri mtoto yule alitakiwa awe pale getini, na hakuna utaratibu wowote duniani ambao ungemleta. Injinia alijaribu. Aliuliza moyoni lini, akauliza wapi. Akaacha, akakaa chini pembeni ya baba yake.

Walikaa. Walimu wa mwisho walitoka kwa mlango mdogo, wakawasalimia, wakaenda zao.

Baada ya muda Mwalimu akamgeukia, akaona bado yupo.

"Nenda nyumbani, binti," alimwambia kwa upole. "Giza linaingia. Baba yako atakuwa anahangaika."

"Ndiyo, baba," alisema, akamsogelea karibu zaidi.