Mkia Unaong'aa

Tangu ndege ile ianguke na kuua wote waliokuwamo, mjane wa rubani alikuwa hakanyagi dukani mtaani kwake. Midomo ya watu haina pazia. Mara rubani alikuwa amelewa, mara alisinzia, mara alitoka nyumbani amegombana na mkewe; na waliosema hivyo ni walewale waliokuja msibani wakalia kuwashinda wafiwa. Mjane alitaka jambo moja tu, jina la mumewe lisafishwe kabla binti yao hajaanza kuyaamini hayo maneno. Shuleni walikuwa wameshamwambia kwamba baba yake ni muuaji.

Aliyemshika mkono muda wote huo ni mkwewe, baba wa marehemu. Mzee huyu alikuwa fundi wa ndege, mkuu wa karakana ya shirika lilelile la ndege alilorukia mwanawe, mpaka alipostaafu, na mafundi walimwita Mzee Kitambaa kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila kitambaa mfukoni. Usafi kwake ulikuwa dini. Alifuta kabati, akafuta vitasa vya milango, akafuta hata miwani ya mjukuu wake ikiwa bado usoni. Mjukuu alimwita mume wangu, naye alimwita mke wangu mwenye mapengo, na kabla ya msiba walikuwa wakitaniana mpaka chakula kinapoa mezani. Sasa mzee alijikaza akatania, lakini mtoto alimsikiliza tu kisha akaenda zake chumbani. Tangu amzike baba yake hakuwa amecheka.

Siku ya kusomwa ripoti, ukumbi ulijaa ndugu wa abiria. Mjane na mkwewe walikaa safu ya nyuma kabisa, maana yale macho ya mbele yalikuwa yanachoma. Mchunguzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alionyesha ukutani picha ya skrubu ndefu ya chuma.

"Hii inakaa mkiani," alisema. "Inazunguka ndani ya nati yake, na ndiyo inayolisogeza bawa la nyuma ili pua ya ndege ipande au ishuke. Tulipoiokota kwenye mabaki, meno ya nati yalikuwa yamelika yote. Kwa hiyo bawa lilikosa cha kulishika. Tumesikiliza sauti zilizorekodiwa. Rubani alijaribu kila kitu mpaka mwisho. Hakukosea."

Mjane alibubujikwa na machozi. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alinyanyuka safu ya mbele, akaja mpaka nyuma, akamkumbatia. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nimekusema vibaya sana." Mjane alitaka kumgeukia mkwewe wafurahi pamoja, kama kufurahi ndilo neno lake, lakini mzee alikuwa ameshasimama.

"Na grisi je?" aliuliza. "Skrubu ile inatiwa grisi!"

"Ilitiwa, mzee wangu. Haikufika. Tundu la kuingizia lilikuwa limezibwa na grisi ya zamani iliyokauka, kwa hiyo mpya ilikuwa inarudi palepale ilipoingilia. Fundi akiiona imefurika anadhani nati imeshiba."

"Mkaguzi angejua. Grisi ikiingia sawasawa hujitokeza upande wa pili."

"Ndiyo, hapo ndipo pa kuangalia. Lakini karakana hii ina mtindo wake. Fundi akimaliza, anafuta kila kitu mpaka king'ae, ndipo anamwita mkaguzi. Mkaguzi anakuta mkia unang'aa pande zote, hana tena pa kuona kama grisi ilijitokeza au la, anaridhika. Tuliwauliza mafundi nani aliwafundisha hivyo. Walisema ni mtindo waliourithi, wala si wa vitabuni."

Mzee aliketi taratibu. Mjane hakuhitaji kuuliza urithi huo ulitoka kwa nani. Mara ngapi amemsikia mezani akijigamba kwamba mkia wa ndege yake mtu angeweza kulia chakula juu yake? Mumewe alikuwa akicheka na kusema ndiyo maana anaruka bila wasiwasi.

Walishika njia ya nyumbani. Alimchukia mzee yule, tena alimchukia hasa, na papo hapo alimwonea huruma. Laana zote alizokuwa amemwekea aliyemuulia mume zilikuwa tayari mdomoni, na mwenyewe alikuwa pale ubavuni mwake, ameinamia viatu vyake.

Binti aliwapokea mlangoni. "Mama, wamesemaje?"

"Wamesema baba yako hakukosea. Alipambana na ndege mpaka mwisho."

"Si nilisema!" Mtoto alishusha pumzi ndefu. Kisha, kama watoto walivyo, hakuachia hapo. "Sasa aliyekosea ni nani?"

"Kuna chuma kiliharibika, mwanangu."

"Nani alikiharibu?"

Mzee aliweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Ni mimi, mke wangu," alisema. "Babu yako ndiye aliyeiangusha ile ndege."

Mtoto alimkodolea macho. Halafu akaangua kicheko, mapengo yote nje, akacheka mpaka akajishika tumbo.

"Mume wangu mwongo huyu! Wewe hata baiskeli ilikushinda, utaangusha ndege?"

Mzee alifungua mdomo arudie.

"Basi, Baba," mjane alisema. "Nakuomba. Mwache acheke leo."

Mjukuu alimshika babu yake mkono akamvuta ndani, bado anacheka, naye akamfuata huku machozi yakimtiririka. Mjane alibaki mlangoni. Alijua iko siku ambayo itambidi amketishe mtoto yule na kumwambia kwamba babu yake hakuwa anatania.