Ushindi wa Usingizini

Mume wangu ni fundi wa friji, na mafundi wa friji hawana subira na hadithi. Friji inapoza au haipozi, basi. Ndiyo maana mwaka mzima niliocheza karata za poka mtandaoni na kutoka mikono mitupu, alikuwa na swali moja tu: "Umepata?" Nikisema sijapata, anaguna, anaendelea na chai yake. Guno hilo nililichukia kuliko tusi.

Mimi ni dobi. Napiga pasi kwa mwanamke tunayemwita Mama Pasi, katika chumba chenye mvuke mzito hata mashati yaliyotundikwa huonekana kama watu wanaongoja kuitwa. Mkono ukishazoea pasi, akili inabaki haina kazi, na yangu ilikuwa ikizurura kwenye karata. Nilitaka kuiacha pasi niishi kwa mashindano, na sikuwa natania.

Mashindano yenyewe ni hivi: watu mia kadhaa, kila mmoja nyumbani kwake, wanalipa kiingilio kimoja na kupewa chipu sawasawa, si zile za kuliwa. Ukiishiwa chipu, unatoka. Wachache wanaobaki mwisho ndio wanaogawana zawadi, kwa hiyo hata mchezaji hodari hutoka kapa mara nyingi kuliko anavyopata. Hapo ndipo palipokuwa pananikosesha raha. Anayepoteza kwa bahati mbaya na anayepoteza kwa ujinga, ukiwatazama kwa nje ni mapacha. Mimi nilikuwa yupi?

Tukawekeana ahadi. Jumapili moja, shindano moja kubwa. Nikifika meza ya mwisho, ile ya wachache wanaogawana zawadi, naacha kazi na Fundi haguni tena. Nisipofika, nafuta mchezo kwenye kompyuta na habari yake imeisha. Ulikuwa mkataba wa kipuuzi, mwaka mzima kupimwa kwa alasiri moja, lakini nilikuwa nimechoka kuguniwa.

Jumapili hiyo niliamka na mafua makali. Nilimeza dawa, ile inayokausha pua na kulegeza kope, nikakaa mbele ya kompyuta, pazia limeshushwa. Mwanga chumbani ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Sijui saa zilikwenda vipi. Karata zilikuja na kuondoka polepole, mithili ya nguo zinazozunguka ndani ya mashine, nami nabonyeza huku nikisikia mvuke masikioni. Mara nikajiona niko kazini, nimewalaza wafalme na malkia mezani, nawanyoosha mikunjo ya majoho. Walikuwa wapole, wakigeuka wenyewe nipige na upande wa pili. Watu wakapungua, wakapungua tena. Nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo katika mchezo ule.

Kisha nikapewa wafalme wawili. Niliwaona waziwazi, wa kopa na wa shupaza, wamekaa bega kwa bega. Mtu mmoja akasukuma chipu zake zote katikati, nami bila kuwaza nikasukuma zangu zote. Sikutazama hata karata zilivyofunguka, niliona tu rundo likija kwangu. Kuanzia hapo sikushikika. Nilifika meza ya mwisho, nikamaliza wa kwanza.

Fundi alininyanyua juu kwa juu na mafua yangu. Pesa sisemi ni kiasi gani, kuta zina masikio. Kabla sijapangusa pua, alishampigia mama yake, kisha Mama Pasi.

"Kuanzia kesho usimtegemee," alimwambia. "Mke wangu sasa ni bingwa."

Mama Pasi alijibu kwamba hewala, ila bingwa arudishe aproni.

Jumatatu, asubuhi yangu ya kwanza bila pasi, dawa ilikuwa imenitoka kichwani. Nyumba ilikuwa kimya. Nikafungua marudio, maana kompyuta huhifadhi kila mchezo, nikitaka kuuonja tena utamu. Nikafika kwa wale wafalme wangu. Alikuwapo mmoja tu, wa kopa, na ubavuni mwake nne ya shupaza, imejikalia kinyonge. Mwenzangu alikuwa na kumi mbili. Karata zangu zilikuwa za kutupwa, hata mwanafunzi wa juzi angezitupa. Katika karata za wote zinazofunguliwa mezani zikashuka nne mbili, na yangu zikawa tatu, zikaniokoa. Nilirudia na kurudia, nikimngoja mfalme wa pili. Hakuja.

Nilikuwa nimeshinda nikiwa nimelala macho wazi, na kazi nimeshaiacha.

Fundi aliporudi kula mchana nilimwonyesha. Akacheka.

"Si umeshinda? Sasa unalia nini?"

"Nalia kwa sababu nilikosea."

"Kosa la kuleta pesa, mama, niletee mia."

"Friji ikivuja gesi," nikamwuliza, "ukiijaza tu bila kuziba tundu, haipozi?"

"Inapoza. Wiki moja, mbili."

"Na hizo wiki mbili, mwenye friji anasemaje?"

"Ananisifu." Akaacha kutafuna. Akakuna kidevu. "Haya. Basi kama jana si kipimo, na zile siku ulizotoka kapa si kipimo."

"Ndicho nilichokuwa nasema mwaka mzima."

"Hukuwa unasema. Ulikuwa unanuna."

Hapo alinipata.

"Fungua za zamani," akasema. "Ukifika penye kuamua, simamisha. Usinionyeshe kilichotokea. Kwanza nambie kwa nini ulifanya hivyo."

Alasiri ile hakurudi kazini. Tulikaa bega kwa bega, simu yake ikiita na kunyamaza. Mahali pengine nilikuwa mjinga kweli, nimecheza kwa hasira, naye akaguna, na safari hii guno lilinistahili. Lakini mahali pengi nilikuwa nimeamua vizuri na karata zikanikatalia. "Hapa ulikuwa sawa," alikuwa akisema, taratibu, na kila aliposema nilitaka kulia upya.

Katikati ya hayo nilimpigia Mama Pasi, nikamwambia kesho nakuja.

"Bingwa amechoka mapema hivi?"

"Bingwa alikuwa amelala."

"Basi njoo, mashati hayalali."

Tukarudi kwenye marudio, tukafika shindano moja la miezi mingi nyuma, nililotoka katikati bila chochote. Nilikuwa na malkia wawili. Mbele yangu mchezaji mmoja bahili, aliyekuwa hajathubutu lolote tangu tuanze, alipandisha dau. Wa pili akapandisha juu yake. Mimi nikawatupa malkia wangu. Nikasimamisha hapo.

"Malkia wawili," Fundi akasema, "unawatupa?"

"Niliwatupa."

"Endelea."

Wale wawili wakafungua. Mmoja alikuwa na wafalme wawili, mwingine ree mbili, wote wamewapita malkia wangu. Sikupata chipu hata moja pale, wala sikupoteza. Siku ile Fundi alinikuta mezani, akaniuliza umepata, nikasema sijapata.

Fundi aliinama karibu na kioo, akatazama muda mrefu.

"Ulijuaje?" akauliza, kwa sauti ambayo huitumia kwa mafundi wenzake tu.

Nilirudisha mchezo nyuma hadi yule bahili alipopandisha dau. Kisha nikaanza kumweleza.