Kambi ya Madaktari Bingwa, Jumamosi Hii

Kila Jumatatu saa saba na robo mchana, taarifa ya habari kutoka studio kuu ya Njombe ikishamalizika, Priska Mlowe alisogea kwenye kipaza sauti katika studio ndogo ya Makambako na kusoma Yajayo Wiki Hii. Redio Uwanda ni redio ya jamii, na kipindi hicho ndicho kilichofanya watu waache jembe wakanunue betri. Jumatatu moja ya mwezi wa nne alisoma kwamba mbwa wa kata tatu watachanjwa Jumatano, kwamba kwaya sita zitashindana usharikani, kwamba wakulima wa parachichi watakutana na wanunuzi, na kwamba Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi, madaktari bingwa wa moyo watakuwa uwanja wa redio kupima watu bure na kusaini fomu za rufaa.

Tangazo la mwisho alilisoma mara mbili, kwa sababu ya mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Eveline, alikuwa na miaka ishirini na minne, na vali moja ya moyo wake ilikuwa imeharibika tangu akiwa na miaka tisa. Kutoka mlangoni mpaka bombani alipumzika mara mbili. Nafasi ya kupasuliwa Dar es Salaam ilikuwepo na fomu ilikuwa imejazwa. Ilikosa saini ya bingwa, na bingwa mwenyewe hakuwa karibu.

"Umesema Jumamosi?" Eveline aliuliza jioni ile, kama vile hakuwa amesikia redioni.

"Jumamosi."

"Basi nitafua lile gauni la kijani."

Jumamosi walikuja watu sitini. Wengine walitoka Lupembe, wengine walilala njiani kutoka Bulongwa. Priska aligawa kadi za namba, Abrahamu mlinzi akaandika majina kwenye daftari la mahudhurio. Namba tatu alikuwa Mzee Manase Nyagawa, mkulima wa chai, na mkewe Oktavia akiwa na chupa ya chai kapuni. Eveline alipata namba ishirini na mbili. Walikaa kwenye mabenchi mpaka saa kumi na moja jioni, ndipo mratibu wa kambi, Bwana Stanley, alipopiga simu kutoka Njombe kusema kwamba madaktari wamepata dharura na kambi imeahirishwa. Aliwaomba watu watunze namba zao.

Walizitunza. Mwezi wa sita Priska akasoma tangazo lile lile kwa tarehe mpya, watu wakaja wamejifunga blanketi juu ya makoti, na Bwana Stanley akapiga simu. Mzee Manase hakuwepo. Oktavia alileta habari kwamba walimzika mwishoni mwa mwezi wa tano.

Mwezi wa nane tangazo lilisomwa mara ya tatu, na Mzee Manase akaja.

Alifika saa moja na nusu, kabla ya wote, akiwa na suti ya kahawia aliyozikwa nayo na udongo kidogo kwenye pindo la suruali. Alimsalimia Abrahamu kwa Kibena, "Kamwene," Abrahamu akaitikia, akamwomba kadi. Namba ilikuwa sahihi. Kwenye daftari aliandika jina na kijiji, na kwenye nafasi ya namba ya simu akaandika "hana". Oktavia alipofika alimkuta mumewe amekaa benchi la kwanza, akamkalia karibu, akamtengenezea tai. Alimimina chai. Mzee alikishika kikombe mpaka chai ikapoa, akamrudishia.

"Daktari amefika?" aliuliza.

"Bado," Oktavia alisema.

Ilitokea sintofahamu ndogo tu. Mwanamume mmoja wa Makambako, namba nne, aliuliza kama ni haki aliyekufa kumtangulia aliye hai. Watu wakalijadili pale pale, wamesimama. Mwalimu mstaafu akasema namba ni namba, na kwamba Mzee Manase hajatibiwa, kwa hiyo bado ni mgonjwa. Wakakubaliana. Mwanamume yule akaomba radhi akarudi kukaa.

Kufikia mwezi wa kumi marehemu walikuwa kumi na wanne. Walikuja na nguo zao za maziko, kina mama na vilemba vyeupe, mtoto mmoja wa shule ya msingi na sare yake. Hawakula na hawakusimulia watokako. Gari lolote liliposimama barabarani waligeuza vichwa wote kwa pamoja, nalo lilipoondoka wakavirudisha. Jioni kila mmoja alishika njia yake. Wa Lupembe walipanda lori la majani ya chai lililokuwa linarudi tupu. Dereva wake, Hilario, alisema hawana tabu, ila lori haliongezeki uzito na yeye hujisahau akakata kona kwa kasi.

Jumamosi hiyo ya mwezi wa kumi Eveline alishindwa kurudi nyumbani kwa miguu. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau, na Priska akambeba mgongoni mpaka mlangoni. Hakuwa mzito.

Jumatatu iliyofuata Priska aliomba ruhusa akaenda Njombe.

Ofisi ya Bwana Stanley ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mbao. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alimpa kiti, akafunga dirisha kwa ajili ya baridi.

"Bwana Stanley, hawa madaktari ni akina nani?" Priska aliuliza. "Niambie jina la mmoja."

"Bado hawajateuliwa, dada yangu."

"Tangu mwezi wa nne?"

"Tangu mwaka jana." Alivuta faili akalifungua ili naye aone. "Mradi wetu ni wa uhamasishaji. Tunapimwa kwa matangazo yaliyorushwa na watu waliojitokeza. Sehemu ya madaktari ni awamu ya pili, na awamu ya pili haijapitishwa."

"Kwa hiyo mnajua hakuna atakayekuja."

"Hatujui. Ikipitishwa watakuja." Akachukua kalamu. "Mara hii walijitokeza wangapi?"

"Sitini na watatu. Kumi na wanne wamekufa."

"Lakini wameandikishwa?"

"Wameandikishwa."

Bwana Stanley akaandika sitini na tatu. "Inapanda," alisema, na kweli alionekana kufurahi. "Nakupa tarehe ya mwezi wa kumi na mbili."

Priska aliichukua karatasi ile. Njiani kurudi hakuitazama hata mara moja. Meneja wa kituo, Hezekia, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema redio inasoma kile ilicholetewa, na kwamba wakianza kuchuja matangazo ya watu watabaki na salamu za birthday tu. Hakusema kwa ukali. Alikuwa na mama yake mzazi benchi la tatu, upande wa marehemu.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na mbili, saa saba na robo, Priska alisoma habari za mkutano wa maji na za mbegu za viazi. Kisha akaikunja karatasi ya Bwana Stanley akaiweka chini ya kikombe.

"Ndugu wasikilizaji," alisema, "kambi ya madaktari bingwa wa moyo haipo. Hakuna daktari. Hajawahi kuwepo. Naomba msije Jumamosi." Akarudia kwa Kibena, kwa ajili ya wazee, na kwa Kikinga kidogo alichokijua, kwa ajili ya watu wa Makete. Halafu akafungulia kwaya.

Nyumbani alimkuta Eveline ameegemezwa na mito miwili, redio pembeni yake imezimwa.

"Umefanya vizuri kuwaambia watu," Eveline alisema. Akavuta pumzi. "Ila ungeniambia mimi peke yangu kwanza, dada. Sasa nikiamka asubuhi nihesabu siku za kwenda wapi?"

Priska alipasha uji, akamshikia kikombe.

Jumamosi ile uwanja ulikuwa mtupu. Wazima walikuwa wamesikia, na marehemu pia walikuwa wamesikia. Ni Oktavia peke yake aliyekuja kutoka Lupembe na kapu lake. Alikaa benchi la kwanza tangu asubuhi, mvua ikamnyeshea, akahamia chini ya paa, ikaisha, akarudi. Jioni alimfuata Priska mlangoni mwa studio.

"Mwanangu," alisema, "mimi najua hakuna daktari. Nilijua tangu mwezi wa sita."

"Sasa mama, mbona ulikuwa unakuja?"

"Mzee wangu alikuwa anakuja kwa sababu amealikwa. Asipoalikwa hana pa kuja. Nyumbani nimemwita, makaburini nimemwita, haji. Anakuja kwenye tangazo." Alifuta maji usoni kwa ncha ya kanga. "Kusema kweli ni kuzuri. Lakini umenifungia mlango."

Eveline alifariki katikati ya Januari, Alhamisi, saa tisa alasiri, mahindi ya uani yakiwa yanatoa mbelewele. Alikuwa ameomba ageuziwe upande wa dirisha, na Priska alipomaliza kumgeuza akakuta amebaki na uzito tu. Walimvalisha gauni la kijani. Mchungaji alizungumza kwa ufupi kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka. Baada ya matanga, Priska alipokuwa anatandua kitanda, alitafuta fomu ya rufaa chini ya mto, mahali ilipokaa siku zote, wala hakuiona.

Kwa majuma matatu alimwita. Alimwita bombani, alimwita kaburini wakati anapalilia maua, alimwita kwa jina la utotoni ambalo mama yao tu ndiye aliyelitumia. Aliweka kiti cha pili mezani. Alimwachia uji mpaka ukaganda. Usiku alilala na mlango bila komeo, na asubuhi hakukuwa na kitu ila majani yaliyopeperushwa na upepo mpaka katikati ya chumba.

Juma la nne alipanda tena ngazi za juu ya duka la mbao.

"Naomba tarehe," alisema.

Bwana Stanley alimpa pole ya msiba. Alisema makao makuu yalisikitishwa sana na tangazo la Desemba, kwamba takwimu zilishuka mpaka mtu mmoja, lakini yeye binafsi alimtetea. Kisha akachapa barua, akagonga muhuri, akampa kwa mikono miwili. Priska naye aliipokea kwa mikono miwili. Alisema asante.

Akaisoma Jumatatu. Jumamosi hii, kuanzia saa mbili asubuhi, uwanja wa redio, madaktari bingwa wa moyo.

Walikuja themanini na wanane. Wazima walimlaumu kidogo kwa ule uvumi wa Desemba, wakasamehe, wakakaa. Mzee Manase alikuwa benchi la kwanza na Oktavia alikuwa ameshamkumbatia mkono. Mama yake Hezekia alikuwa benchi la tatu. Eveline aliingia getini saa mbili kasoro, kwa hatua ndefu, bila kushika ukuta.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

"Nimetoka kule juu mpaka hapa sijasimama hata mara moja," Eveline alisema. Alikuwa na fomu mkononi, imenyooka, haina hata mkunjo. "Daktari amefika?"

Priska alimtazama. Kola ya gauni ilikuwa imeingia ndani upande mmoja, akaitoa akailaza vizuri. Shingo ilikuwa ya baridi kama bomba la asubuhi.

"Bado," alisema. "Yuko njiani."

Akaketi naye. Walikaa bega kwa bega siku nzima. Kila gari liliposimama, Eveline aligeuza kichwa pamoja na wenzake, na Priska akakitazama kisogo chake, nywele alizomsuka mwenyewe siku ya mazishi. Saa kumi na moja kasoro Hezekia alitoka ofisini na simu mkononi, akatikisa kichwa. Marehemu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakijipangusa nguo.

"Imeahirishwa mpaka lini?" Eveline aliuliza.

Priska alikuwa bado hajapewa tarehe.

"Mwezi wa nne," alisema. "Jumamosi ya kwanza."

"Utasoma wewe?"

"Nitasoma mimi."

"Soma polepole," Eveline alisema akiikunja fomu. "Kule sauti inafika, ila inafika kidogo."

Jumatatu Priska aliingia studio mapema, akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akaisoma tarehe ile polepole, mara tatu.