Unga wa Msiba wa Pankrasi

Kijijini Maposeni, msiba ukitokea, kila nyumba hupeleka unga. Lakini asubuhi ya kumzika Pankrasi, majirani walikuja na kuni, ndoo za maji na vilio. Unga hakuna aliyeubeba. Lidwina, mjane wake, aliitazama mikono yao.

Wakati wa mavuno, mwanasheria kutoka Songea mjini aliwaeleza wanakijiji kwamba walanguzi wakila njama ya bei ni kosa, ila wakulima wenye chama cha ushirika sheria inawaruhusu kuuza pamoja, kwa bei moja. Pankrasi alirudi nyumbani akicheka kama mtoto. Wanachama wote wakaapa kutouza hata debe la mahindi mpaka walanguzi wapandishe bei.

Kisha kifua kikambana. Lidwina alimsihi auze magunia mawili tu, aende hospitali.

"Mama Careen," Pankrasi alimjibu akihema, "nikiuza mimi, wenzangu nitawatazama kwa macho gani?"

Akafa ghala limejaa.

Sasa Sixbert, mwenyekiti wa chama, alimsogelea ameinamisha kichwa. "Pole, dada. Watu ni wengi, na majumbani kwetu mahindi hakuna."

"Mliuza lini?"

Sixbert alitazama vumbi. "Kabla hajaugua."

Tusi lilimjaa Lidwina mdomoni, akalimeza. Alifungua kifundo cha khanga, akamtupia ufunguo wa ghala.

"Nendeni mkasage, mle mshibe. Kiapo chenu kimo humo, hakijapungua hata debe."