Mlango Uliongoja Jumamosi

Duka la vifaa pale Mwanga lilikuwa na mota mbili tu za kufungulia milango ya gereji za nyumbani, moja ya mnyororo na nyingine ya mkanda, na Erasto alizikodolea macho saa nzima. Alikuwa mpima ardhi. Hakununua hata ndoo bila kuipima. Fundi Faridi, aliyekuja naye kutoka Ujiji, alimweleza kwamba ya mnyororo haichoki ila ina kelele, na ya mkanda ni ya kimya ila inataka kutunzwa. Erasto akachukua ya mkanda. Chumba alicholala na mkewe Recho kilipakana na gereji, naye alitaka kulala kwa amani.

Gereji yenyewe ilikuwa chumba cha dada yake, Melania. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsomesha kwa dagaa aliowaanika kwenye mchanga wa ufukweni Katonga, mpaka mdogo wake akarudi na cheti cha upimaji. Erasto alipojenga nyumba Gungu alimpa dada chumba cha mbele, na dada akakaa humo miaka tisa. Kisha likaja gari. Erasto alikipima chumba mara mbili, akaona gari litaenea. Akamwambia dada yake kwamba chumba kinataka kupakwa rangi, akampeleka Rusimbi kwa Catherine, binti wa mjomba wao.

"Jumamosi nakuja kukuchukua," alimwambia.

Hakwenda. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliona aibu, na kila wiki iliyopita aibu ilizidi kunenepa. Kutoka Gungu hadi Rusimbi ni karibu, dereva wa bodaboda hamalizi hata kukusimulia mechi ya jana. Melania alifariki Jumamosi ya kumi na moja, mvua zikiwa zimepamba moto. Msibani Catherine alisema, bila kumtazama mtu, kwamba marehemu alikuwa akifunga mzigo wake kila Jumamosi asubuhi, na kuufungua Jumapili baada ya misa.

Faridi alikuja kufunga mota Jumatatu baada ya matanga. Alipotoboa dari ili aning'inize reli, dagaa walimwagika kutoka kwenye tundu, wakavu, safi, wa kujaza bakuli. Faridi alitafuna mmoja.

"Hawa wameanikwa jana," alisema, na Recho akawapeleka jikoni.

Chini, huku na huku, Faridi akafunga vijicho viwili vya umeme vinavyozuia mlango usimshukie mtu. Akaifundisha rimoti, akibonyeza kitufe hadi taa ikawaka na kuzima mara tatu.

"Bonyeza, bosi."

Erasto akabonyeza. Kimya. Wakabadilisha betri, wakakagua nyaya, wakasubiri umeme ulipokatika na kurudi, wakabonyeza tena. Kimya kilekile. Recho alikuwa amewaletea chai na alitaka kuchukua stuli iliyobaki ndani. Kwa mazoea ya miaka tisa alisimama mbele ya mlango, akainama kidogo na kupiga makofi taratibu, kama Waha wanavyomsalimia mtu mzima.

"Mwakeye," alisema.

"Karibu, mama," sauti ya Melania ilijibu kutoka ndani, na mlango ukapanda bila kelele.

Ndani hapakuwa na mtu. Recho aligundua kwamba hakuitwa wifi, jina aliloitwa miaka yote. Alichukua stuli.

"Mota nzima," Faridi alisema. "Ila mlango unataka hodi." Alipuliza chai yake, akaeleza kwamba kwao Ujiji upo mlango uliomkataa mwenye nyumba mpaka alipooa, na watu walipitia dirishani.

Mlango uliposhuka, Erasto naye akainama akapiga makofi.

"Nani?" sauti iliuliza.

"Ni mimi, Erasto."

"Erasto anakuja Jumamosi. Leo Jumatatu."

Ukawa ndio utaratibu. Mama muuza maandazi alipiga makofi akafunguliwa, akaona hana shida ya kuingia, akaendelea na biashara. Katekista alifunguliwa. Hata msoma mita, kijana wa kutoka Tabora asiyejua salamu ya Kiha, alikosea makofi akasamehewa. Erasto peke yake ndiye aliyekataliwa. Recho alijaribu kumfungulia ili aingize gari, lakini vijicho vilimwona mwenye usukani, mlango ukashuka. Gari likawa linalala chini ya mpapai, ndege wakilichafua.

Jumamosi ya kwanza ilipofika, Erasto alidamka akaenda Uvinza kupima viwanja ambavyo hakuna aliyemwomba avipime. Aliogopa, na tusimcheke. Wengi wetu tumekimbia mambo madogo kuliko hilo. Aliporudi, Recho alikuwa anamngoja.

"Baba Elia, dada amekuulizia kutwa nzima. Mimi nimemjibu mpaka nimechoka."

"Nitaongea naye."

"Chumba cha Elia kiko wazi mpaka chuo kifunge. Mwingize ndani."

Erasto aliitikia kwa kichwa. Chumba kilikuwepo, hilo alilijua. Ila ili ampeleke dada yake kwenye chumba cha Elia, ingebidi kwanza amwambie chumba chake kilikwenda wapi.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, alivaa shati lake la misa, akasimama mbele ya mlango, akainama, akapiga makofi.

"Nani?"

"Ni Erasto, dada. Leo Jumamosi."

Mlango ukapanda. Melania alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya sakafu ya saruji, mzigo wake umefungwa kwa kitenge mapajani. Alikuwa amekonda zaidi ya siku ya mazishi. Walisalimiana ile salamu yao ndefu, makofi kwa makofi, habari za usingizi, za watoto, za shamba walilokwisha kuliuza.

"Nimekungojea hapa kwa watu," Melania alisema. "Ni watu wema. Yule mama ana adabu sana, haingii bila hodi. Ila pananuka mafuta." Alizitazama kuta alizolala kati yake miaka tisa, akazitazama kwa heshima ya mgeni. "Chumba changu tayari?"

Erasto alikuwa na maneno yote. Alikuwa ameyapanga wiki nzima: chumba chako ndicho hiki, dada, nilikudanganya, nisamehe, twende ndani. Recho alikuwa ameshatandika kitanda cha Elia. Erasto akafungua kinywa.

"Rangi bado haijakauka," alisema.

"Rangi za siku hizi," Melania alisema. "Basi tusiharakishe. Kifua changu hakipatani na harufu ya rangi."

Erasto alimbebea mzigo, akamfungulia mlango wa mbele wa gari, akamfunga mkanda kwa sababu dada hakujua unavyofungwa. Njiani Melania alilisifia gari. Alisema Mungu amwongezee, na kwamba mama yao angefurahi. Catherine aliwapokea Rusimbi, akamwambia dada karibu, akamwonyesha kitanda kilekile.

"Jumamosi nakuja kukuchukua," Erasto alisema.

"Haya, mdogo wangu. Nitakuwa tayari mapema."

Erasto alilia njia nzima hadi Gungu. Nyumbani alibonyeza rimoti mara moja tu, mlango ukafunguka kimya kama Faridi alivyoahidi, akaingiza gari, likaenea. Recho alikuwa jikoni anapika migebuka, samaki wa ziwani. Alisikia injini inazimwa, akamngoja mumewe aingie peke yake.

"Amesemaje?"

"Ameshukuru."

Recho aliepua sufuria. Kisha akaenda chumbani kwa Elia, akavua shuka kitandani, akalikunja.