Pesa za Jumatatu

Walimwita Mama Bisi, na jina hilo lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata walimu walilitamka kama cheo. Kila siku ya masomo, kabla ya kengele ya mapumziko, meza yake ilikuwa tayari imesimama kushoto mwa lango la shule, miguu miwili ikiwa imewekewa vipande vya matofali kwa sababu ardhi ya pale iliteremka. Juu ya meza zilipangwa bisi ndani ya vifuko vya karatasi alivyovisokota mwenyewe kutokana na madaftari yaliyokwisha, hivyo watoto walitafuna huku wakisahihisha hesabu za watu wasiowajua.

Binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alisoma ndani ya lango hilohilo. Tangu darasa la kwanza alikuwa akija mezani wakati wa mapumziko, akichukua kifuko kimoja na kwenda zake. Mwaka huu alianza kuja foleni ikishakwisha. Kisha siku moja, binti alipoikaribia meza, Mama Bisi akasikia sauti kutoka kundini ikisema, "Mpisheni Wa Bure apite!" na watoto wakacheka. Naye alicheka, akidhani ni utani wa watoto. Siku ya pili yake binti hakuja, wala siku zilizofuata.

Jumapili moja jioni, vyombo vikiwa bado mezani, binti alisema, "Mama, nataka pesa za mfukoni kama wenzangu."

Baba yake alikuwa fundi rangi, na saa ile alikuwa akichokoa rangi iliyokauka kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti. "Pesa za nini tena? Wenzako wananunua bisi. Wewe unalala chumba kimoja na gunia la mahindi."

"Si za bisi tu, baba."

"Haya, za nini?"

Binti alifikiri. "Za kuwa nazo."

Baba aliweka njiti chini. Binti alipotoka kwenda kuosha vyombo, mazungumzo yaliendelea kwa sauti ya chini.

"Miaka kumi na mmoja ni mapema," baba alisema. "Mtoto mwenye pesa hasikii."

"Na wewe mwenye ndevu, pesa inakaa kwako siku ngapi?"

"Mimi nina majukumu."

"Mshahara wa juzi ulimalizwa na majukumu au na karata?"

Baba alikohoa, akauliza kama itatolewa kila siku au kwa mkupuo. Mama alishikilia kwamba itolewe Jumatatu asubuhi, yote ya wiki, ili mtoto ajifunze kuifikisha hadi Ijumaa: sarafu tano, kila moja ikitosha kifuko kimoja cha bisi, na ya sita ya kuweka. Hakusema lililokuwa moyoni. Akilini alikwisha kumwona binti yake amesimama katikati ya foleni kama mtoto yeyote, mkono umenyooshwa, akisema mbele ya wale waliomcheka, "Mama, nipe kimoja." Alitaka tu kuiona siku hiyo.

Binti aliporudi na kuambiwa, hakurukaruka. Alifuta mikono kwenye gauni lake, akasema, "Lakini ukishanipa, usiniulize nimenunua nini."

"Sikuulizi."

"Apa."

"Naapa, mwanangu."

"Hapo umejifunga kamba mwenyewe," baba alisema.

Usiku ule Mama Bisi alizichagua sarafu sita kutoka kwenye kopo la mauzo na kuziosha kwa sabuni, kwa sababu pesa zake zote zilinuka mafuta.

Jumatatu kengele ililia. Watoto walitoka kama maharagwe kutoka kwenye gunia lililopasuka, na katikati yao alimwona binti yake, ngumi imefungwa. Mama Bisi alijipangusa jasho, akachagua kifuko kilichojaa kuliko vingine, akakisogeza pembeni. Binti alipita mbele ya meza. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akavuka barabara.

Ng'ambo ile aliketi mzee mmoja aliyeitwa Mwavuli, kwa sababu hakuonekana bila mwavuli wake mweusi, mvua au jua. Naye aliuza bisi. Binti alifungua ngumi, akapokea kifuko chake, akasimama pale akila pamoja na wenzake.

Mlinzi wa lango, ambaye wote walimwita Kufuli, hakupitwa na jambo. "Mama Bisi! Mbona mteja wa nyumbani kahamia upinzani?"

"Funga mdomo, fungua lango. Ndiyo kazi uliyoajiriwa."

Jumanne alivitengeneza vifuko vikubwa zaidi. Jumatano alipunguza chumvi, akatandika kitambaa kipya mezani. Foleni yake ilirefuka, na kila mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa mtoto wa mtu mwingine. Mapumziko yalipokwisha, Mwavuli mwenyewe alivuka kuja kuomba chenji.

"Jirani, una mtoto wa kupigiwa mfano," alisema. "Shikamoo haimpiti, ahsante haimpiti. Hongera kwa malezi."

Mama Bisi aliitafuta kejeli usoni mwa mzee yule, akaikosa. Alimpa chenji. Hata kumchukia hakuweza.

Jioni baba alimkuta ameinamia sufuria iliyokwisha kung'aa, bado anaisugua. Alipoelezwa, alianza kucheka, kisha akaacha.

"Si umuulize?"

"Niliapa."

"Basi nimuulize mimi. Mimi sikuapa."

"Thubutu!"

Alhamisi uvumilivu ulimshinda. Alimwita rafiki wa binti yake, yule mwenye mwanya, akampa kifuko. "Mpelekee mwenzako. Mwambie nimempa tu."

Msichana alikimbia. Haukupita muda akarejea akihema, kiganja kimefunguliwa, na ndani yake sarafu moja.

"Amesema nikulipe. Amesema ahsante. Na amesema usimtume mtu tena."

Nyuma yake foleni ilikuwa ikisukumana. "Mama Bisi, mimi kwanza!" "Mwongo, nilikuwa mbele yako!" Mama Bisi aliitazama sarafu ile. Angeikataa, ingerudi uwanjani mkononi mwa mtoto huyu, mbele ya macho ya kila mtu, na jina la Wa Bure lingerudi pamoja nayo. Angeipokea, angekuwa amemuuzia mwanawe chakula. Alipokea. Sarafu ililia ndani ya kopo kama nyingine zote.

"Haya, nani anafuata?" alisema, na sauti yake ikatoka ya kawaida, jambo lililomshangaza.

Jioni ile binti alileta kitana na mafuta ya nywele, akaketi chini kati ya magoti ya mama yake kama ilivyokuwa desturi yao kila Alhamisi. Mama alipasua njia katikati ya nywele. Alichana, akapaka mafuta, akaanza kusuka. Binti ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, umenuna?"

"Sijanuna."

"Unanivuta sana."

Mama alilegeza vidole.

"Nikila kwako bila kulipa, wanasema naomba," binti alisema, akiutazama ukuta. "Nikikulipa, wanasema tunaigiza, kwamba pesa ni ileile, inazunguka. Wamesema leo, kifuko kilipokuja. Kwa babu wa mwavuli nanunua tu. Hakuna anayesema kitu."

Mama Bisi alitafuta jibu. Angeweza kusema kwamba kazi yake si aibu, lakini binti hakuwa amesema kuwa ni aibu. Angeweza kuwashtaki wanaomcheka kwa mwalimu, na kesho wangepata jina jipya la kumwita. Angeweza kuihamisha meza. Lakini lango lilikuwa moja, na ada ililipwa kutokana na meza hiyo.

"Bisi zake zikoje?" aliuliza hatimaye.

"Chumvi nyingi. Zako ni tamu zaidi." Binti aliegemeza kichwa kwenye goti lake. "Mama, umekasirika?"

"Hapana, mwanangu. Kaa sawa nimalize."

Jumatatu iliyofuata alimpa sarafu nyingine sita. Baba, akiwa anafunga kamba za viatu, aliwatazama wote wawili. Kengele ya mapumziko ilipolia na mlango wa darasa la tano, darasa la binti yake, ukafunguliwa, Mama Bisi aliinama chini ya meza, akaanza kupekua gunia lisilohitaji kupekuliwa, ili mtoto apite bila kulazimika kutazama kushoto wala kulia. Alisikia viatu vingi vikipita. Hakujua vipi vilikuwa vyake.

"Mama Bisi!" mtoto fulani aliita kutoka juu. "Mama Bisi, upo?"

"Nipo," alijibu, bila kuinuka. "Ngoja kidogo."